Saa za Ogwal

Kasubi, Kampala
9 Mei 1988

Mdogo wangu Anena,

Salamu kutoka Kasubi. Mimi mzima, na Byron mwanangu mzima, isipokuwa meno ya mbele yanang'oka moja baada ya jingine na sasa akisoma kitabu cha shule anapuliza mate. Barua hii nakuandikia kupitia kwa jirani yako Adero, kama ulivyoniagiza, isije ikaangukia mikononi mwa Ogwal. Bado sipendi mke wa mtu kupokea barua kwa mlango wa nyuma, lakini wewe ndiye unayemjua mumeo. Kama alisema mke wa polisi akifanya biashara atarudishwa kwao, basi na aendelee kufikiri hufanyi.

Tangu mtuache hapa majirani zenu na kuhamia Masindi mwezi wa tatu, vyombo vyangu vinatoka vizuri. Wasiotoka ni wateja. Mtu anakuja saa tatu asubuhi kuangalia bakuli moja lenye kifuniko, saa saba bado yuko kwenye kochi langu ananisimulia harusi ya binamu yake. Mgeni huwezi kumfukuza, na huwezi kumwacha mdomo mkavu. Atoo, yule mke wa Oyat, wiki iliyopita alikunywa chai vikombe vitatu akanunua kifuniko. Bakuli anasema atafikiria.

Nikamlilia msimamizi wetu wa Nairobi, anayetupa vyombo vya kuuza, akaniandikia dawa. Kwanza niweke saa mlangoni. Pili, kila mteja awe na kadi yake, inayosema siku anayopatikana na siku ambayo nisimsumbue. Nimefanya yote. Mlangoni nimebandika karatasi: WATEJA, SAA NANE HADI SAA KUMI. Kadi nimekata kwenye maboksi ya sabuni, ninazo arobaini na mbili ndani ya mkebe wa biskuti. Juu naandika Kwa Oyat, Kwa Ogwal, kama watu wanavyozitaja nyumba hapa, na chini yake naandika mwenye nyumba yuko zamu lini, na anarudi saa ngapi. Anachonunua mke kinaingia kwenye daftari pembeni. Sasa nikiamka najua nyumba ya kwenda, na nyumba ya kutokanyaga hata kwa bahati mbaya. Wake wa polisi wananipenda kwa hilo, maana wenye mume kama wako si mmoja.

Okeny, kondakta wa basi, anakuletea mabakuli kumi na mawili, sita ya bluu, na makopo manane ya mafuta ya kujipaka. Nimemwambia ayafikishe kwa Adero Alhamisi, kwa sababu uliniandikia Ogwal huko yuko zamu ya mchana Jumanne na Alhamisi. Nilifunga mzigo kadi yako ikiwa mbele yangu, kwa hiyo siku sikukosea.

Uza polepole. Na mteja akikaa sana, inuka kana kwamba una sufuria jikoni.

Dada yako,
Nafuna


Masindi
27 Mei 1988

Dada Nafuna,

Vyombo vimefika. Hakuna kilichopasuka. Kiswahili changu ni cha kambini, utanivumilia.

Nataka kuuliza kitu. Hizo kadi zako, kwa nini unaandika jina la mume? Mteja ni mke. Mimi nilifikiri unaandika jina la mke.

Na kitu kingine. Mwaka jana nilipokwenda kumzika shangazi yangu, nilikaa huko wiki mbili. Ogwal alibaki Kampala peke yake. Watu waliniambia ulikuja nyumbani kwetu. Wakati ule sikukuuliza. Sasa nauliza. Ulikuja kufanya nini?

Wewe ni mwanamke wa peke yako tangu mumeo Sifuna akimbie vita na asirudi. Sisemi kitu. Ninauliza tu.

Mabakuli matatu ya bluu yameuzwa.

Ni mimi,
Anena


Kasubi
8 Juni 1988

Anena,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini.

Ndiyo, nilikuja. Nilimkuta mumeo anapiga pasi sare yake, nikamwachia sahani ya maharagwe mezani, nikaondoka. Nilikuja kwa sababu mtu mmoja alinishika mkono kwenye kituo cha basi akaniambia, dada, niangalizie mzee asife njaa. Mtu huyo ni wewe. Kama umesahau, mimi sijasahau, ulikuwa umevaa gomesi ya zambarau na unalia.

Imeniuma, lakini sina nafasi ya kuumia sasa hivi kwa sababu kuna jambo jingine. Jumatatu alikuja Mzee Kamis, mwenyekiti wetu wa RC, baraza la mtaa, na wanaume wawili nisiowajua, viatu vyao visafi mno kwa matope ya Kasubi. Walisimama mlangoni wakasoma ile karatasi yangu ya saa, wakaisoma tena. Mzee Kamis akaniambia taratibu, "Nyabo, mama, nyumba ya mtu haina saa. Ofisi ndiyo ina saa. Hii ni ofisi ya nani?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuna aliyecheka nami. Mmoja akauliza huwa navuka kwenda Kenya mara ngapi, na huko napeleka nini. Unajua ilivyo tangu askari wa Kenya na wa Uganda wapigane risasi mpakani Busia mwezi wa kumi na mbili. Mkenya kama mimi akishika kalamu, watu wanataka kujua anamwandikia nani.

Walipoondoka nilimwaga mkebe mezani nikazipitia kadi zangu. Moja haipo. Ni yako, Kwa Ogwal.

Mtu ameichukua, na namjua. Wiki mbili zilizopita Atoo alikuja saa nne asubuhi, nje ya saa zangu, nikamwonea haya kumrudisha. Alikaa kiti cha karibu na mkebe, nami nikaenda kuchemsha chai. Tangu siku ile ananisalimu kwa mbali. Anena, wewe umekaa naye mlango kwa mlango miaka miwili. Je, anaweza kufanya kitu kama hicho? Nijibu upesi, maana nataka kujua namwambia nini.

Nafuna


Masindi
20 Juni 1988

Dada Nafuna,

Kuhusu Atoo siwezi kusema kitu. Uko naye huko, unamwona kwa macho yako.

Choma kadi zote. Choma na daftari. Usiniulize kwa nini. Usiandike tena jina la Ogwal kwenye karatasi yoyote.

Ogwal ameniuliza kama una ndugu jeshini Kenya. Nikasema sijui. Kweli sijui.

Usimtume Okeny kwanza. Vyombo vilivyobaki vinatosha.

Anena


Kasubi
5 Julai 1988

Anena,

Nilimwambia. Pale bombani, wanawake wamepanga foleni na majerikeni yao, nikamwambia Atoo mbele ya wote kwamba ni mwizi na ameniuza. Hakupiga kelele. Aliweka jerikeni chini, akanitazama, akasema, "Mimi nikiiba kwako nitaiba bakuli. Karatasi nitaipikia nini?" Wanawake wakacheka, na kesho yake saa nane mlango wangu haukugongwa na mtu. Keshokutwa yake pia.

Jana Mzee Kamis aliniita. Alikuwa na kadi mkononi. Niliitambua kabla hajaigeuza: boksi la sabuni, mwandiko wangu, na chini wino wa kijani. Wino ule niliununua mwezi wa nne, nikaongezea saa za Masindi ulizoniandikia wewe. Mzee hakunificha. Alisema kadi imetoka Masindi, imeletwa na polisi anayefanya kazi na Ogwal, na kwamba Mkenya anayejua polisi wa Masindi yuko zamu siku gani lazima aeleze amejuaje.

Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye kochi na kukumbuka mikono yangu. Nilifunga mzigo wako kadi ikiwa mbele yangu. Niliweka mafuta, nikapanga mabakuli, nikafunga vifuniko. Kadi iliingia ndani ya bakuli, Anena, na aliyeiingiza ni mimi. Kosa hilo nalibeba.

Lakini wewe ulikuwa unajua. Barua yako ya kwanza uliandika ukiwa unajua. Ukaniuliza kama nilikuwa na mumeo. Ukaniacha nimtukane Atoo bombani kwa kitu kilichokuwa nyumbani kwako. Mimi na wewe tumefika huku lini?

Jumapili tarehe 17 kuna mkutano, nami nitasimama mbele ya watu. Wasiporidhika wananikabidhi kwa wale wenye viatu, na nikipelekwa huko sijui kama nitafika Busia au sitafika popote. Byron yuko darasa la pili hapa. Sina mtu wa kumwachia.

Nataka sentensi moja tu kutoka kwako, iandikwe na itiwe sahihi: Mimi mke wa Ogwal ni mteja wa Nafuna, na saa hizi nilimpa mimi. Nitaisoma, na kila kitu kitaisha. Mpe Okeny Ijumaa asubuhi.

Nafuna


Masindi
11 Julai 1988

Dada yangu,

Ni kweli. Nilijua.

Nyumbani nilipeleka bakuli moja tu. Mengine yako kwa Adero chini ya kitanda. Nikamwambia Ogwal hilo ni zawadi kutoka kwako, akafurahi. Jioni akalifungua aweke njugu zake, akakuta kadi. Akasoma jina lake. Akaniuliza, huyu Mkenya amejuaje zamu yangu ya hapa? Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, dada. Nikasema sijui.

Nikisema nilikupa mimi, ataniuliza kwa nini. Nikisema kwa sababu nauza vyombo, nitarudishwa kwetu na watoto watabaki kwake. Hatishi tu, alishamfukuza dada yake kwa kitu kidogo kuliko hicho. Na kwetu Kitgum nirudi wapi? Nyumba ya baba haina paa. Mama analala porini na majirani kwa kuogopa watu wa bunduki.

Nitakuambia na lingine, kwa sababu usingizi umekataa kuja. Nilipoona saa zake kwa mwandiko wako, moyo wangu ulisema labda unaziweka kwa ajili yako mwenyewe. Sikuwa na ushahidi. Ilikuwa rahisi kufikiri hivyo. Kama wewe ni mbaya, basi mimi si mbaya.

Ile sentensi siwezi. Nimeiandika mara mbili na mara mbili nimeitia kwenye moto wa Adero. Okeny atakuletea barua hii tu.

Choma mkebe, tafadhali. Wamo na wake wengine mle.

Nisamehe,
Anena


Kasubi
20 Julai 1988

Anena,

Sikutaka kukuandikia tena. Naandika kwa sababu habari hii itakufikia, na ni afadhali ikufikie kutoka kwangu.

Jumamosi asubuhi nilichoma. Niliwasha sigiri kwa ajili ya uji wa Byron, nikawa naingiza kadi moja moja badala ya vijiti. Kwa Oyat, Kwa Ongom, Kwa Obwona, wote. Daftari nililichana nikaliingiza mwisho. Kila karatasi ingenitetea kwenye mkutano, na kila karatasi ingemfikisha mke fulani mbele ya mume wake na swali asiloweza kulijibu. Wewe uliogopa kwa ajili ya mmoja, mimi nilikuwa na arobaini na mmoja mkononi. Byron alisema uji unanuka sabuni.

Jumapili walijaa uwanjani kuliko siku ya kugawa sukari. Mzee Kamis akainua kadi na kusoma: Kwa Ogwal, Masindi, Jumanne na Alhamisi zamu ya mchana, hatoki kabla ya saa kumi na mbili, Jumapili yuko nyumbani. Akauliza hizi ni habari za nini. Nikasema ni za biashara. Akasema nilete kadi nyingine tulinganishe. Nikasema nimezichoma. Hapo nilisikia watu wakivuta pumzi, na wale wawili wenye viatu wakatazamana.

Akasimama mtu nyuma, akasema, "Mzee, huyu ni muuza mabakuli. Mimi nimenunua kwake, na ananipangia saa za kuja kwa sababu naongea sana. Na mume wangu huyu hapa anasikia." Alikuwa Atoo. Baada ya yale niliyomwambia bombani. Oyat alikuwa ameinamisha kichwa, lakini hakumkalisha.

Mzee Kamis akafurahi, nilimwona. Ni mtu mwema, alikuwa anatafuta njia ya kunitoa. Akanigeukia: "Kumbe ndivyo. Kwa hiyo mke wa Ogwal naye ni mteja wako, ndiye aliyekupa saa hizi?" Na pembeni yake amekaa yule mwenzake Ogwal, daftari gotini, kalamu tayari.

Nilikuwa na barua yako kwenye mfuko wa gauni. Ningeitoa ningekuwa huru kabla ya chakula cha mchana. Niliishika, Anena. Niliishika mpaka ikalowa jasho.

Nikasema hapana. Nikasema mke wa Ogwal hajanunua kwangu hata kifuniko, na hajui kitu. Nikasema saa hizo nilizitafuta mwenyewe kwa kondakta na wasafiri, kwa sababu nilimpenda mume wa mtu, na alipohamishwa sikuweza kuacha kuhesabu siku zake. Nilisema nikitazama chini. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Mwenzake Ogwal akafunga daftari. Mzee Kamis alinirudishia kadi akiishika kwa ncha za vidole, akasema nikalee mtoto wangu. Mpelelezi wanamwogopa, mwanamke wa aina ile niliyojifanya wanamcheka na kwenda kula.

Kwa hiyo nimebaki Kampala na Byron yuko shule. Lakini hakuna mke wa Kasubi atakayenifungulia mlango tena, hasa siku ambayo mume hayupo, kwa kuwa sasa wanajua najua siku hizo. Karatasi ya saa nimeibandua. Atoo alinifuata njiani akaniambia haamini hata neno moja la yale niliyosema. Nilimwomba radhi ya bombani nikashindwa kumaliza.

Wewe nyumba yako umebaki nayo.

Nafuna


Masindi
6 Agosti 1988

Dada Nafuna,

Nimelia nikisoma, Adero ni shahidi. Ulichonifanyia, hata ndugu wa tumbo moja hafanyi. Sitasahau.

Ogwal amesikia yote kutoka kwa mwenzake. Nilifikiri atakasirika. Hakukasirika. Siku hizi ananyoa ndevu kila asubuhi, hata Jumapili. Amenunua sabuni ya kunukia. Ananiambia, unaona, kuna watu wanaojua thamani yangu. Bakuli lako ameliweka juu ya kabati, hataki watoto waliguse.

Nilimuuliza kama kulitokea kitu wakati ule nimekwenda kumzika shangazi. Akacheka. Akaenda kazini akiwa bado anacheka.

Dada, naomba uniambie mara moja na sitauliza tena. Ulisema uongo, si ndiyo? Yule mwenzake anasema ulisema vizuri sana, watu wote waliamini, hata wanaokufahamu. Mimi najiuliza, mtu anaweza kusema vizuri namna ile kitu ambacho hakipo? Na maharagwe, uliyaacha mezani kweli ukaondoka?

Neno moja linatosha. Andika kwa Adero, ifike Jumanne au Alhamisi.

Mdogo wako,
Anena


Kasubi
15 Agosti 1988

Anena,

Umeomba neno moja. Mimi nilikuomba sentensi moja, ikakushinda, ukaitia kwenye moto mara mbili. Basi na hili langu limenishinda.

Mwisho wa mwezi nahamia Kamwokya, ambako watu hawanijui na wanawake wengi wana vibanda vyao wenyewe, hawamngojei mume aondoke ndipo wanunue bakuli. Atoo atakuwa anakuja kunisaidia kubeba. Oyat alikataa siku tatu, ya nne akachoka, unamjua Atoo akianza kuongea. Nimepata mkebe mwingine na boksi jipya la sabuni, na safari hii juu ya kadi naandika jina la mke, kama ulivyotaka. Ya kwanza kuiandika ni hii. Nimeitia ndani ya bahasha kwa makusudi, usije ukasema nimekosea tena.

ANENA, MASINDI
Anapenda mabakuli ya bluu.
Ana watoto wawili, ana mume, ana nyumba.
Siku ya kumtembelea: hakuna.
Saa: hakuna.
Asiandikiwe.

Nafuna